Bustani ya Wifi

Kaka yangu hawezi kuona kitu kimekaa akakiacha kikae. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msije mkanishika shati baadaye mkidai nilimpamba. Ukikaa naye benchi moja atakutengeneza kola. Ukimkaribisha chai atakuhamishia meza iwe karibu na dirisha, kisha akuulize kwa upole kwa nini miaka yote hiyo uliiweka pabaya. Amekuwa mtunza bustani wa chuo cha ualimu kwa miaka thelathini na mmoja, na huko tabia hiyo ilimfaa. Michongoma ya chuo imenyooka utadhani imepigwa pasi, na wanafunzi, kizazi kwa kizazi, wamemwita Mkasi. Jina limemganda hata sisi wa tumbo moja tunamwita hivyo akiwa hayupo. Akiwepo ni kaka, maana ananizidi miaka saba na mimi nilifundishwa adabu, hata kama hazionekani sana.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu mume wangu afariki nakaa chumba cha uani kwenye nyumba ya kaka, kwa hiyo mengi ya haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona, na mengine niliyashika kwa mikono hii.

Mkewe, wifi yangu, alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kupanga mizani, kuchanganya dawa walizoagiza walimu, na kuzima majiko ya gesi ambayo wanafunzi waliyasahau. Mwanamke wa maneno machache. Ukimwuliza kitu anafikiri kwanza, na huo muda wa kufikiri ndio kaka yangu aliokuwa akiutumia kujibu kwa niaba yake. "Mke wangu hapendi sukari nyingi." "Mke wangu hawezi safari ndefu." Wifi anamtazama, anafunga mdomo, anakunywa chai yake isiyo na sukari.

Shule ilipobadilisha madirisha ya maabara, aliomba vile vioo vya zamani vinene. Akavileta nyumbani kimoja kimoja, vimefungwa magazeti, akaviunganisha kwa gundi ya silikoni pale sebuleni mpaka akapata tangi refu kama kitanda cha mtoto. Kaka alicheka sana. Alisema kama ni samaki, sokoni wapo, tena wameshakaangwa. Wifi akanunua samaki tisa wadogo wasiozidi kidole, lakini samaki kwake walikuwa wapangaji tu. Alichokitaka ni majani.

Aliyanunua kwa Mama Beseni, mwanamke anayeuza mimea ya maji kwenye mabeseni ya plastiki nyuma ya soko. Nilimsindikiza mara nyingi. Wifi aliuinua mmea kutoka majini kwa vidole viwili, na ukisimama wima mkononi mwake, aliurudisha.

"Huu una mgongo," aliniambia. "Mmea wa majini mgongo wa nini, wifi? Maji yenyewe yanaushika. Huu ni wa nchi kavu, wameutumbukiza tu. Utapendeza wiki tatu, halafu utaoza."

Mama Beseni alikuwa akisikia hayo anapanga upya mabeseni yake kwa kelele, maana hiyo yenye mgongo, yenye majani ya mistari myeupe, ndiyo iliyokuwa ikitoka haraka. Wifi hakujali. Alifunua jani akatazama chini kama kuna mayai ya konokono. Alinusa mizizi. Kati ya mche mkubwa wenye maringo na mdogo uliojikunyata, alichukua mdogo, akasema huo bado haujajizoesha uvivu. Nyumbani kila mche ulikaa kwenye ndoo wiki mbili ndipo upewe ruhusa ya kuingia.

Na kupanda kwenyewe kulikuwa na sheria zake. Kulikuwa na mmea wa majani magumu ya kijani kizito, wenye shina nene linalotambaa kama tangawizi. Huo haukwenda mchangani kabisa. Aliufunga juu ya gogo kwa uzi mweusi wa pamba, uzi wangu mimi, kwa sababu shina lile ukilifukia linaoza. Nyuma yake yalisimama majani marefu membamba kama utepe wa sare. Na mbele, toka kona hadi kona, walikuwepo wazee. Wazee ni jina lake yeye: mimea mifupi, majani ya kahawia yenye mikunjo pembeni, inayokua polepole mpaka unadhani imegoma. Alianza na miche mitano kabla mimi sijahamia pale. Miaka tisa baadaye ilikuwa zulia, na alfajiri taa ya tangi ikiwashwa, wifi alikuwa akikaa mbele yake na kikombe cha chai, hasemi neno, na hakuna mtu wa kumjibia.

Sasa niseme alivyoondoka.

Magoti ya wifi yalianza kumsumbua. Kaka, bila kumwambia, akavaa lile shati lake la harusi za watu, akaenda kwa mwalimu mkuu wa shule, akamwomba amstaafishe mkewe mapema. Nia yake ilikuwa njema, hilo nitalisema hata mbele ya hakimu. Barua ikaja. Wifi alidhani shule imemchoka. Alilia siku mbili, akihesabu chupa alizowahi kuvunja katika miaka ishirini na sita, akitafuta ni ipi iliyomponza. Na kaka alikaa pembeni yake akimpa leso! Hakusema. Kwenye chai ya kumuaga, mwalimu mkuu alisimama, akawashukuru walimu, akamshukuru Mungu, halafu akamshukuru kaka yangu mbele za watu wote kwa kujali afya ya mkewe hata kuja mwenyewe ofisini kumwombea apumzike.

Wifi aliweka kikombe chini. Kesho yake asubuhi alikuwa na begi moja mlangoni.

"Nakwenda kwa dada," alisema. Dada yake anakaa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima.

"Siku ngapi?" kaka akauliza. "Maana magoti yako na lile basi..."

"Magoti ni yangu. Nakwenda miezi mitatu. Nataka kujua nikiulizwa kitu nitajibu nini mwenyewe." Kisha akalielekea tangi. "Hili siwezi kupanda nalo basi. Nakuachia. Samaki uwape chakula asubuhi, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Taa uwashe, uzime. Maji yakipungua, ongeza kikombe kimoja kimoja cha maji yaliyolala kwenye ndoo. Basi. Usikate. Usipande. Usisafishe."

"Mke wangu, mimi nimesomea bustani."

"Ndiyo maana nakuomba." Akafunga zipu ya begi. "Nikirudi nikikuta bustani yangu imeachwa kama nilivyoiacha, nitaweka begi chini, na mambo ya shule sitayataja tena mpaka nife. Nikikuta umeitengeneza, nitachukua vitu vyangu vilivyobaki. Wifi ni shahidi."

Mimi ndiye shahidi. Nilitikisa kichwa kukubali, tena kwa majivuno.

Mwezi wa kwanza kaka alinishangaza. Alikaa mbele ya tangi mikono nyuma, kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki ya wageni. Alinong'ona na samaki. Wifi alinipigia mimi simu kila Jumapili saa kumi, na nilimwambia ukweli: wazima, wanakula, wazee wako vilevile. Alicheka kwenye simu. Kaka alisimama nyuma yangu akisikiliza kile kicheko, na nikamwona machozi yamemlenga. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na sasa anaiba kicheko cha mkewe kwenye simu ya mtu mwingine. Alimpenda. Mtu yeyote asije akasema hakumpenda.

Kilichomshinda ni rangi ya maji. Lile gogo hutoa rangi, maji yanakuwa kama chai iliyochujwa mara ya tatu. Wifi aliyapenda hivyo. Kaka kila siku alikuwa akiniambia, "Maji yamechafuka, mdogo wangu. Atarudi akute uchafu, aseme nimeshindwa hata kumtunzia maji." Nikamwambia aache. Akasema ngojangoja huumiza matumbo.

Jumatano moja nikiwa kazini alichukua mpira, akayatoa maji yote. Yote! Akalisugua gogo kwa brashi ya nguo. Akajaza tangi kwa maji mapya, moja kwa moja kutoka bombani, yakinuka dawa. Niliporudi jioni lilikuwa linang'aa kama dirisha la benki, naye amesimama kando anangoja asifiwe.

Siku ya tatu majani ya wazee yakaanza kuwa kama kioo. Ukitazama unaona ng'ambo. Siku ya tano yakatoboka, kisha yakayeyuka. Sijui neno lingine. Jani lilikuwepo asubuhi, jioni limekuwa uji wa kahawia juu ya mchanga. Zulia la miaka tisa likaisha kwa wiki moja na siku mbili, na samaki wawili wakaelea.

Jumapili ilifika. Simu ikalia mkononi mwangu. Kaka alipiga magoti. Sisemi kwa mfano. Mtu wa miaka sitini na mmoja alipiga magoti kwenye sakafu ya sebule yake, ameunganisha viganja, anatikisa kichwa: usimwambie, usimwambie.

"Wazee wangu wazima, wifi?" sauti ilisema.

"Wazima kabisa," nikasema. "Wanakusalimu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwanzoni mwake ina kivuli kizuri. Tulijipa moyo kwamba tuna wiki saba. Kaka akaanza kutengeneza.

Alisema mimea ina njaa, akaleta mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia nyasi za uwanja, akanyunyiza kijiko kimoja. Kilikuwa kijiko kidogo, aliniapia. Kufikia mchana samaki walikuwa juu wanavuta hewa kwa midomo, na kabla ya chai ya jioni mmoja zaidi alikuwa amekufa. Tukabadilisha maji tena, na tulipoyabadilisha, yale majani ya utepe nayo yakalegea. Alisema ule mmea wa kwenye gogo umekonda kwa sababu mizizi yake iko nje, inaelea, kama maskini asiye na kiwanja. Akakata uzi wangu, akaupanda mchangani, akashindilia kwa vidole, shina lote chini, kama anavyopanda waridi. Nilikumbuka aliyoyasema wifi kuhusu shina lile. Nikamwambia kaka. Akanijibu, "Dada, wewe shona." Shina likaoza likanuka.

Akaenda kwa Mama Beseni peke yake, bila kusema yeye ni nani. Akarudi na mfuko umejaa miche iliyosimama wima kama askari, majani yana mistari myeupe.

"Hii ina afya!" aliniambia.

"Kaka, hiyo ina mgongo."

"Ndiyo. Imara."

Nilikwenda chumbani kwangu nikalia. Nililia kwa hasira, kwa sababu ningeweza kumwambia mara kumi na asingesikia, na nilikuwa nimeanza kuchoka kuwa sahihi. Usiniulize kwa nini sikumpigia wifi simu nikamweleza yote. Nimejiuliza mwenyewe. Kila Jumapili uongo ulikuwa umeota jani jipya: wazee wamezaa, wifi, wamefika mpaka kwenye kioo. Ningeanzia wapi?

Basi Jumamosi moja, zimebaki wiki tatu, tulisimama sote wawili mbele ya tangi. Miche ya mistari ilikuwa imeoza kiunoni. Pale mbele, walipokuwa wazee, hapakuwa na jani hata moja, vijiti vifupi tu vya kahawia vimechomoza mchangani. Maji yalinuka. Samaki sita waliobaki walijibanza kona ya juu.

Kaka alisema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Au niwaache hivi hivi? Alisema nisiguse. Labda sasa niache kweli."

Na mimi, ambaye kwa miezi miwili nilikuwa nikimwambia acha, mimi shahidi, nilikuwa nimechoka na ile harufu. Nilikuwa nimechoka kuiona kila nikipita kwenda bafuni. Nikasema, "Uache nini, kaka? Huoni ni mizoga? Ng'oa. Itaua na hao samaki waliobaki, halafu umwambie nini mkeo? Ng'oa yote."

Akanitazama muda mrefu. Akakunja mikono ya shati.

Tuliing'oa pamoja, mimi nimeshika ndoo. Wazee hawakutoka kirahisi. Kila kijiti kilivutwa na fundo la mizizi, mirefu, minene kama uzi wa kushonea viatu, imeshikana chini ya mchanga. Kaka aliinua fundo moja akalisafisha kwa kidole gumba. Mizizi ilikuwa myeupe. Ilikuwa migumu, imejaa. Mtu wa bustani miaka thelathini na mmoja, anajua mzizi mweupe ni nini.

"Mizizi mizuri hii," alisema.

"Haina jani hata moja, kaka. Weka kwenye ndoo."

Akaweka. Ndoo ilijaa. Jumatatu akaipeleka chuoni, kwenye rundo lake la mboji, lile analojivunia kuliko watoto wake. Rundo la kaka yangu ni maarufu. Ukitia mkono ndani unauchomoa haraka kwa joto. Huligeuza kwa uma kila siku ya tatu, hulinyunyizia maji, na chochote utakachotupa humo, ganda, shina, gazeti, ndani ya wiki mbili hukioni.

Zilipobaki siku tatu wifi arudi, nilikwenda mimi mwenyewe kwa Mama Beseni. Nilitaka angalau miche mitano ya wazee, tuipande mbele, tuseme wengine walikufa. Mama Beseni alinitambua.

"Wewe ndiye wifi wa yule mama wa maabara. Yuko wapi siku hizi?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini kwake ilitoka yote kwa mfululizo: maji, mbolea, ndoo. Alinisikiliza huku mkono wake umo ndani ya beseni, na alipoutoa aliufuta taratibu kwenye khanga.

"Mmeing'oa?"

"Ilikuwa imekufa."

"Haikufa, mwanangu. Hiyo mimea ndivyo ilivyo. Ukiibadilishia maji ghafla, ukiihamisha, ukiishtua, inayeyusha majani yote. Kama mtu aliyesusa. Chini inabaki hai. Unaiacha tu, mwezi, miezi miwili, inachipua upya yenyewe. Wifi yako nilimuuzia miche mitano, wiki ile ile ikayeyuka yote. Watu wengine wangekuja kunitukana. Yeye alikuja akauliza nifanye nini, nikamwambia usifanye kitu. Alikaa wiki kumi anatazama mchanga mtupu." Akanitazama. "Mngemwuliza kwenye simu angewaambia."

Sikununua kitu. Nilikwenda chuoni kwa miguu, nikikimbia pale nilipoweza. Nilimkuta kaka anapunguza michongoma. Nilipomwambia, mkasi ulianguka.

Hakuuliza uma uko wapi. Alipiga magoti kwenye lile rundo akaanza kuchimba kwa mikono, nami upande wa pili. Mvuke ulikuwa unatoka. Tulichambua mboji nyeusi, laini, yenye harufu nzuri ya msitu, mboji bora kuliko zote mjini, imeshughulikiwa ipasavyo. Wanafunzi wawili walisimama wakamwuliza, "Mzee, umepoteza pete?" Alikuwa anasema peke yake, neno moja tu, "Hata mmoja. Hata mmoja. Hata mmoja." Kucha zake zilikuwa zinatoka damu. Nilipata kitu kama kamba, nikapiga kelele, akaja kwa magoti upande wangu. Ulikuwa uzi wa gunia. Yeye akapata fundo moja. Alilishika kwenye kiganja na likaachana, likawa tope kama mengine.

Alikaa chini palepale. "Nimeligeuza mara nne," alisema. "Mara nne, kwa mkono wangu mwenyewe." Kisha akalia kwa sauti, mchana kweupe, katikati ya bustani ya chuo, na sikujua nimshike wapi.

Wifi alirudi Alhamisi asubuhi kwa basi la usiku. Kaka hakuwa amepanda kitu. Alikuwa ameondoa miche iliyooza na kuacha tangi lilivyo: mchanga, gogo, maji, samaki sita. Nilimwambia usiku wa kuamkia siku hiyo aseme ni ugonjwa. Mimea nayo huugua.

Wifi aliingia na begi lake, amenawiri, amenyoa nywele fupi. Hakuliweka begi chini. Alitembea nalo mpaka kwenye tangi akasimama. Nikasikia pampu ya hewa ikigugumia, na basi la shule likipita barabarani.

Kaka alimwambia kila kitu. Alisimama mikono pembeni, akaanza na Jumatano ya mpira na bomba, hakuruka hata kijiko cha mbolea. Alisema na habari za mwalimu mkuu, kwamba alikwenda, kwamba alimwona akilia siku mbili na akanyamaza. "Nilidhani nakutunza," alisema. "Sijui nilikuwa nafanya nini."

Wifi alifikiri. Safari hii hakuna aliyemjibia.

"Ulipoing'oa," aliuliza, "mizizi ilikuwa rangi gani?"

Sema myeusi, nilimwomba kaka moyoni. Neno moja tu. Ikiwa myeusi, mimea ilishakufa, hukuua kitu kilicho hai. Ataliweka begi chini. Sema myeusi.

"Myeupe," kaka alisema.

"Uliiona?"

"Niliiona. Niliishika."

"Na bado ukang'oa."

Kaka aliinamisha kichwa. Wifi akanigeukia mimi, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na uchovu wa mtu aliyesafiri usiku kucha. "Wifi, na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hukumwambia aiache?"

Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Unamjua mumeo, wifi. Haambiliki."

Kaka aliinua uso akanitazama. Alikuwa na nafasi ya kusema, tena nafasi pana kabisa, na mtu ambaye maisha yake yote amewasahihisha wenzake mpaka kola za mashati hakufungua mdomo. Akarudisha macho sakafuni.

Wifi alikuja akanikumbatia. Alinishika kwa nguvu, akanipigapiga mgongoni. "Pole, wifi," alisema sikioni mwangu. "Najua. Hakuna anayejua kama mimi. Pole kwa kumvumilia."

Alichukua nguo zake zilizobaki, na vyeti vyake vya shule. Kaka alimtilia samaki kwenye ndoo yenye mfuniko, akambebea hadi kwenye teksi, akaiweka karibu na miguu yake isije ikamwagika. Hawakushikana mikono. Gari lilipokata kona, kaka alisimama getini kidogo, kisha akaniambia bila kunitazama, "Nenda kazini, mdogo wangu. Wateja wako watakuwa wanakungoja."

Nami nikaenda.